Msondo Hauna Dawa: Dalili Kumi, Kuanzia Bunju Hadi Dunda

Malaria ina dawa, kisukari kina masharti, lakini aliyeingiwa na Msondo huachiwa Mungu. Huku kwetu, katika barabara ile inayotoka Tegeta, ikapita Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga hadi kuingia Bagamoyo mjini, wagonjwa tunajuana kwa kutazamana tu. Mmoja anavuta kiti kibarazani, mwingine anagonga meza kwa vidole viwili, na kabla chai haijamiminwa tumeshaanza kubishana nani aliimba sauti ya pili. Bendi tunayoiugulia, Msondo Ngoma, ilizaliwa 1964, mwaka uleule wa Muungano, na mpaka leo ukisikia mtu anasema “Baba ya Muziki” ujue hamsemi baba yake.

Kwa faida ya familia zinazojiuliza mzee ana nini, hizi hapa dalili. Nahesabu kurudi nyuma, nyepesi kwanza. Mgonjwa akifika namba moja, msihangaike naye tena.

10. Mwaka wako una siku tatu tu

Vunja jungu, Idd Mosi na Krismasi. Zilizobaki ni za kutafutia nauli. Wenzako wanajua Ramadhani imekaribia kwa kuona bei ya sukari. Wewe unajua kwa tangazo la dansi la vunja jungu. Mwezi mzima vyombo vinapumzika, nawe unaswali tarawehe kwa utulivu mpaka imamu anakutolea mfano. Hajui kwamba rakaa ziko msikitini na hesabu iko Idd Mosi: kiingilio kiasi gani, shati lipi, nani atakopeshwa na nani. Halafu ikija Desemba, Mwislamu mzima wa Dunda anaisubiri Krismasi kuliko mwenyekiti wa kwaya.

9. Unataja majina ya bendi kama nasaba ya ukoo

NUTA Jazz kamzaa JUWATA Jazz, JUWATA kamzaa OTTU Jazz, OTTU kamzaa Msondo Ngoma. Na ole wake atakayeruka kizazi.

Habari yenyewe ni ya kisiasa, ingawa sisi tunaisimulia kwa kuchezesha mabega. Januari 1964 jeshi liliasi. Baada ya hapo serikali ikalivunja shirikisho la vyama vya wafanyakazi na kuunda chama kimoja, NUTA. Chama kikaanzisha bendi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama kikageuka JUWATA, na bendi ikabadili jina bila kubadili gitaa. Ilipofika 1991 ikaja OTTU, tukabadili tena. Wanamuziki walikuwa waajiriwa kama karani yeyote, mshahara mwisho wa mwezi, na vyombo vyote vilikuwa mali ya chama. Kumbuka hilo la vyombo, litarudi kutusumbua huko namba tatu.

Sasa NUTA haipo, JUWATA haipo, OTTU haipo. Mjukuu akikuuliza vyama hivyo viliwafanyia nini wafanyakazi, jibu lako ni fupi: vilinunua magitaa.

8. Bibi yako haelewi unakokwenda, na humrekebishi

Kwa Wazaramo msondo ulikuwepo kabla ya bendi: ngoma ndefu, inapigwa mwali akitolewa. Sikinde, waliyojiitia wapinzani wetu Mlimani Park, nayo ni ngoma ya Kizaramo. Bendi za Dar zilikuwa na desturi kwamba kila moja lazima iwe na mtindo wake wenye jina, na ukiwa na bendi bila mtindo wewe ni watu wenye vyombo tu. Maquis walikuwa na Kamanyola, Safari Sound wakaja na Ndekule. Wale wawili wa kwetu wao walichota nyumbani, kwenye ngoma za Pwani.

Ndiyo maana ukimuaga bibi kwamba unakwenda Msondo, anauliza: “Mwali wa nani?” Unamung'unya jina la mtaa. Anaingia ndani, anatoka na kanga mpya, “Mpelekee, mwambie bibi Bagamoyo anamsalimu.” Unaipokea kwa mikono miwili na shikamoo juu. Saa sita usiku kanga ya mwali iko begani kwa mwimbaji mwenye ndevu.

7. Kwenda unakwenda na Coaster, kurudi unarudi na Mungu

Toka Bagamoyo hadi Dar ni kama kilomita sitini na kitu. Mchana hilo si jambo. Unapanda, unashuka Makumbusho, unabadili, umefika ukumbini mapema kiasi kwamba unawasaidia kushusha spika. Tatizo ni kurudi. Dansi likikolea hakuna anayetazama saa, na likiisha hakuna gari linalovuka Bunju. Mgonjwa wa kweli ana mtandao: shangazi Tegeta mwenye mkeka wa ziada, dereva wa Fuso la mchanga anayepita alfajiri, mlinzi mmoja Boko ambaye naye ni wa Msondo na hufungua kibanda chake kwa sharti la kusimuliwa wimbo kwa wimbo.

Unaingia Dunda watu wanatoka swala ya alfajiri. Wanakusalimu kwa heshima, sauti yako imekauka, macho mekundu. “Mzee fulani siku hizi anakesha kwenye ibada.” Alhamdulillahi.

6. Hunyanyuki kabla ya chemko

Wanaocheza ubeti wa kwanza ni watu wa harusi. Ubeti ni wa kusikiliza: kuna mume kaachwa, kuna mama kaandika barua, kuna shahidi anatajwa kwa jina, na wewe umekaa pale mikono kifuani kama mzee wa baraza. Kiitikio kikija unatikisa kichwa kukubali ushahidi. Halafu gitaa la solo linageuka, tumba inaingia, midomo ya bata, yaani tarumbeta na saksafoni, inajibu, na wimbo unachemka. Hapo ndipo unamkabidhi jirani simu na kofia.

5. Unajua wimbo ulikatwa wapi

Hii ni dalili ya watu wa makamo, vijana wanaweza kupita tu.

Enzi zile bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo hazikuwa na haraka ya kwenda popote. Dakika saba, nane, kawaida. Santuri zenyewe zilikandamizwa Nairobi, kwa sababu sisi kiwanda hatukuwa nacho. Na santuri ndogo upande mmoja haubebi dakika nane. Kwa hiyo wimbo ulipasuliwa: upande wa kwanza kisa, upande wa pili chemko. Unageuza sahani katikati ya ugomvi wa ndoa.

Matokeo yake kuna watu wazima, wenye wajukuu, ambao hadi leo wakisikia wimbo mzima redioni hunyamaza pale katikati na kunyoosha mkono kutafuta sahani ya kugeuza. Na kuna waliokuwa na upande wa pili tu, kwa sababu wa kwanza ulikwaruzika. Hawa wanajua kucheza kuliko sote, lakini hawajui nani alimwacha nani.

Sisi wa mwambao wengi hatukuwa na santuri. Tulikuwa na redio kaseti na kidole juu ya kitufe. Ulirekodi kutoka redioni, na sauti ya mtangazaji ikaingia mwanzo wa wimbo ikakaa humo milele. Mimi nikisikia wimbo fulani bila taarifa ya saa mbili kamili mbele yake nauona haujakamilika.

4. Tarumbeta ikilia chuoni, unasimamisha baiskeli

Bagamoyo ina bahati ambayo Bunju hawana: chuo cha sanaa, kilichoanza 1981, ambacho sasa tunakiita TaSUBa. Kiko karibu na bahari, na jioni wanafunzi wanafanya mazoezi. Mtu wa kawaida anapita. Wewe ukisikia tarumbeta unashusha mguu mmoja chini unasubiri. Mtoto wa watu anapiga skeli, anapanda, anashuka, wewe unamsubiri aingie kwenye wimbo. Haingii. Unaondoka umemkasirikia.

Huo ndio ugonjwa wa midomo ya bata. Mtu aliyekua akimsikiliza Joseph Lusungu kwenye tarumbeta na Mnenge Ramadhani kwenye saksafoni hawezi kuridhika na kinanda kinachojifanya tarumbeta. Kinanda kinatoa sauti, sikatai, lakini hakina mate. Na hapo ndipo penye gharama: mpiga kinanda ni mmoja, wapiga midomo ya bata ni watatu wanne, wote wanakula, wote wanapanda gari. Bendi nyingi zilifanya hesabu hiyo zikawaacha njiani. Ukiona bendi ya leo ina hata saksafoni mbili, mvulie kofia mtunza hesabu wake, ama ni shujaa ama hajui kutoa.

Niseme tu jambo moja kabla wenyeji hawajanirushia mawe. Najua mji huu duniani unajulikana kwa muziki mwingine, wa Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia hapa na izeze na ilimba zake akazunguka nazo dunia hadi alipofariki 2003. Heshima yake iko palepale. Lakini Zawose hakuwahi kumfanya mtu akose gari la mwisho Makumbusho.

3. Una shemeji wa Sikinde

Kila nyumba ina mmoja. Wangu anakaa Kerege, anafuga kuku, na ni mtu mwema mpaka atakapofungua mdomo.

“Shemeji, nyie watu wa Msondo mna kelele. Sikinde ni muziki wa kukaa chini ukatafakari.”

“Kweli shemeji, ndiyo maana mnakaa.”

“Tajeni wimbo mmoja wa kuifikia ‘Neema’.”

“Tajeni mwimbaji mmoja ambaye hatukuwakopesha.”

Hapo huwa ananyamaza, maana hesabu anaijua. Mlimani Park Orchestra ilianza 1978 katika baa iliyoipa jina, na miongoni mwa waanzilishi alikuwa Muhidin Maalim Gurumo. Gurumo huyohuyo aliyekuwapo NUTA Jazz ilipozaliwa! Mimba ya Sikinde imetoka kwetu. Mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam, na wakatesa miaka ile, nakiri kwa sauti ndogo. Halafu 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawavuta Gurumo na Abel Balthazar kwenda Orchestra Safari Sound, na Ndekule ikaanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gurumo alikuwa amesharudi OTTU, nyumbani. Hassan Bitchuka kavuka mto kati ya Msondo na Sikinde mara kadhaa, kwenda na kurudi. Shaaban Dede vilevile.

Watu wanasema wanamuziki wale walikuwa na tamaa. Rudi namba tisa usome tena. Gitaa si lako, spika si yako, hata uzi si wako. Siku unayoondoka unaondoka na koo lako tu. Basi anayetokea na vyombo vipya na mshahara uliozidi kidogo, koo linamfuata. Ni hesabu ya mfanyakazi, na bendi zenyewe zilikuwa za wafanyakazi.

Mpwa wangu, kijana wa chuo, alitusikiliza siku moja tukigombana akacheka. Yeye anasikiliza muziki wa metali, ule wa magitaa ya kasi na waimbaji wanaopiga kelele juu kabisa bila kushikwa na kikohozi. Akatuambia ana bendi yake, Helloween, ya Hamburg, Ujerumani, iliyoanza 1984. Mpiga gitaa wao Kai Hansen, mwanzilishi, aliondoka 1989. Mwimbaji Michael Kiske akaondoka 1993, akaja Andi Deris. Mashabiki wakagawanyika: kuna wa Kiske, kuna wa Deris, hawapeani salamu. Miaka zaidi ya ishirini. Kisha wote wawili walioondoka wakarudi, na tangu 2017 wanapanda jukwaani pamoja na Deris, aliyeshika nafasi ya Kiske.

Shemeji aliweka kikombe chini. “Wote kwenye jukwaa moja?”

“Wote.”

“Hakuna aliyefukuzwa kuwapisha?”

“Hakuna.”

Tulikaa kimya tukiwaonea wivu Wajerumani, jambo ambalo si la kawaida Bagamoyo. Kisha shemeji akapata la kusema: “Lakini hata hao kuhama ni kwao. Makao makuu ya ukoloni wao si yalikuwa hapa? Wakatuhama 1891 kwenda Dar.” Na hawajarudi kutumbuiza.

2. Umewahi kutunza nauli ya kurudia

Mwimbaji anashuka sauti, anakutazama wewe, anataja mtaa wako. Anajuaje mtaa wako? Uliwaambia wewe mwenyewe wakati unashusha spika. Hata hivyo unanyanyuka, unapita katikati ya watu kwa mwendo wa bwana harusi, unambandika noti kipajini. Ukumbi unashangilia. Unarudi kitini ukiwa mfalme, na hapo ndipo unakumbuka ile noti ilikuwa ya Coaster.

Tunachekeana, lakini noti hizo zina historia. Gurumo, mtoto wa Kisarawe, aliimba zaidi ya nusu karne. Harusi zimefungwa kwa nyimbo zake, talaka zimetolewa na nyimbo zake zikichezwa chumba cha pili. Alipostaafu 2013 hakuwa na gari. Aliyempa ni Diamond Platnumz, kijana wa Bongo Fleva, mwaka huohuo, Toyota Funcargo. Siku ile mashabiki wa dansi tulipata kazi ngumu: tumekuwa tukiwatukana vijana hao miaka kumi kwamba hawajui muziki, na sasa mmoja wao kafanya tulichopaswa kufanya sisi. Kijiweni kwetu ilibidi tutoe tamko. Tamko lilisema muziki wake bado hatuujui, ila adabu anayo.

Nami nikitazama noti zote zilizobandikwa kipajini pa mzee yule tangu NUTA, najua zilikwenda wapi. Zilikwenda kwenye ugali, kodi na ada za watoto, kama za kwangu. Mshahara wa bendi ulikuwa mshahara, na haki ya wimbo uliopigwa redioni kila wiki ilikuwa hadithi.

1. Jukwaani humjui mtu, na bado umo

TX Moshi William, aliyetufanya tuimbe “Piga Ua” mpaka wake zetu wakauliza tunamaanisha nini, alifariki 2006. Gurumo akafuata Aprili 2014. Dede, aliyekuwa wetu na wao kwa zamu, 2017. Upande wa pili King Michael Enoch kaondoka. Naye Marijani Rajabu, Jabali la Muziki lenyewe, aliondoka tangu 1995. Orodha hii shemeji na mimi tunaisoma pamoja, bila utani.

Kwa akili za kawaida hapo ndipo pa kusema basi. Uliyempenda hayupo, aliyempokea hayupo, na aliyempokea aliyempokea ana mgongo. Mashabiki wa mtu mmoja huzika na kuhifadhi kanda. Sisi tulifanya kosa zuri la kupenda kiti badala ya mkaaji. Kiti kikiwa na mtu tunakwenda, tunakaa mstari wa mbele, mikono kifuani, tunasubiri aharibu.

Usiku fulani anasimama kijana wa tarumbeta. Amezaliwa JUWATA ikiwa imeshakufa, labda hata OTTU. Anavaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Anaingia kwenye wimbo wa zamani, ule ambao wewe unaujua kuliko namba yako ya simu, na ile noti ya tatu anaipandisha. Pembeni yako mzee mmoja wa Zinga anafumba macho kwa uchungu. Mnavumilia hadi mapumziko. Mnamfuata nyuma ya jukwaa, wazee wawili na soda zao, mnamsalimu “hujambo mwanangu” kwa upole wa kutisha.

“Ile noti ya tatu, kijana wangu. Iko chini kidogo. Mimi kanda ninayo, niliirekodi mwenyewe redioni.”

Kijana anavua miwani, heshima anayo. “Shikamoo, mzee. Mimi nimejifunza kwenye rekodi yenyewe, ya redio. Iko juu. Kanda yako itakuwa imevutika kwa kuzeeka, ndiyo maana inashusha sauti.”

Mnatazamana na mzee wa Zinga. Miaka yote hiyo, Bunju hadi Dunda, tumekuwa tukipiga miluzi noti ya chini?

“Mwanangu,” anasema mzee wa Zinga, akimrudishia miwani yake, “kanda haina kosa. Waambie na wenzako waishushe.”